Duara Lenye Mistari Minne

Nyumbani, Ikungi
Jumapili, jua bado halijazama

Mwanangu Salome,

Sitakuandikia habari za sweta wala za chakula. Sweta umenunua, na huko ng'ambo uendako masomoni watu wanakula na wanaishi, nawe utakula. Mengine ya namna hiyo shangazi zako wamekuambia tangu asubuhi, kila mmoja kwa sauti yake, na nimeona ulivyokuwa ukiitikia huku unafunga sanduku. Mimi nakuandikia kwa sababu naogopa. Umekwenda mjini kwa bodaboda kuwaaga wenzako, na nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi. Nikikuona usoni nitaanza kukuuliza kama umechukua paspoti, na jambo lenyewe nitalimeza.

Naogopa ule mchoro ulionionyesha leo mchana.

Nianze mwanzo, kama nilivyokuwa nikianza darasani, maana hofu isiyo na mpangilio hutaielewa. Ulipokuja na dodoso lako kiangazi kilichopita, swali lako lilikuwa fupi. Kwa nini mtu wa kwetu, mwaka wa njaa, hapeleki ng'ombe mnadani akanunua nafaka, na zizi lake limejaa? Wachumi waliokutangulia walijibu kwamba tunapenda tu ng'ombe, kama mtu anavyopenda picha ukutani. Wewe ukauliza kitu ambacho hawakukiuliza: je, ng'ombe waliomo zizini ni wa mwenye zizi? Siku uliyonieleza hilo, umesimama pale mlangoni na vumbi la barabara miguuni, nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Nilikuwa nataka kulia kwa furaha.

Desturi yenyewe unaijua kuliko mimi sasa, lakini nikiieleza ndipo ninapoiona vizuri. Mtu wa kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwake. Wengine atawapeleka kwa rafiki kijiji cha pili, wengine kwa mjomba, wengine hata Misigiri kwa mtu aliyesali naye zamani. Anayewatunza anapata maziwa na samadi ya shamba lake, na baada ya muda anapewa ndama. Mwenye mali anapata usalama. Ugonjwa ukiingia zizi moja haummalizi. Vivyo hivyo ukame, na mwizi, na ndugu. Hasa ndugu. Ndiyo maana jambo hili halisemwi. Ukimuuliza mtu ng'ombe hawa ni wa nani, atakujibu ni wa hapa, na hajadanganya, kwani wapo hapa.

Wewe ukaonyesha kwamba kwa kuhesabu mazizi, watu wa takwimu wamewaita matajiri watu wasio na hata mkia mmoja, nao wakaachwa nje ya msaada wa kaya maskini kwa sababu ya ng'ombe wa wengine. Hilo ni jambo kubwa. Likisomwa na wahusika, kuna bibi atakayepata dawa. Sitaki ufikiri mama yako ameukataa utafiti. Nimeona tunavyosemewa na watu ambao hawajawahi kukanyaga hapa, na najua dawa yake ni watu kama wewe.

Lakini watu hawakukujibu wewe, Salome. Kosa langu liko hapo, na wala si la zamani. Uliwasomea maelezo ya ridhaa vizuri, kwamba mtu yuko huru kukataa, kwamba majina hayatatajwa. Walikuwa wakisikiliza huku wananiangalia mimi niliyekaa nyuma yako kwenye kigoda. Wengi wao nimewafundisha kusoma. Ulipomaliza kuwasomea pale kwa Mama Zainabu, alikupita kwa macho kana kwamba wewe ni dirisha, akaniuliza mimi kwa Kinyaturu, "Mwalimu, nimwambie?" Nikamjibu amwambie. Nilisema hivyo nyumba kwa nyumba, kwa wepesi, kama ninavyomwambia mtoto afungue kitabu. Ridhaa ile walinipa mimi. Na mimi sikuwa najua mchoro utafananaje.

Ningepaswa kujua. Kabla hujazaliwa, nilipokuwa nafundisha Kintinku, niliwapa darasa la sita kazi ya grafu. Kitabu kilitaka wachore mvua ya miji ambayo hawajawahi kuisikia. Nikaona ni kuwaonea, nikawaambia kila mmoja achore mifugo ya kwao, mnara mmoja wa ng'ombe, mmoja wa mbuzi, mmoja wa kondoo. Walichora vizuri ajabu, kwa rangi, nikabandika ukuta mzima. Siku ya wazazi akina baba walisimama mbele ya ukuta ule kimya, kofia mkononi, wakisogea taratibu kama watu wanaosoma matokeo ya mtihani. Nikafikiri wanafurahia kazi za watoto wao. Kabla mkutano haujaisha ndugu wawili walikuwa wameshikana mashati nje ya ofisi, kwa sababu mmoja alikuwa akimlilia mwenzake shida kila mwezi, na mwanawe alikuwa amemchorea mnara mrefu wa mbuzi.

Mwaka uliofuata nikajiona nimepata akili. Niliwaambia watoto wasiandike majina. Akina baba wakaja, wakasimama, na mmoja akamgusa mwenzake begani akasema, "Huyu mwenye kondoo wote hawa bila mbuzi, si jirani yako wa kisimani?" Wakacheka sana. Nilibandua makaratasi yale mimi mwenyewe, nikarudi kwenye mvua ya miji ya mbali. Lakini somo nililiacha Kintinku pamoja na chaki. Sikufikiri kwamba chuo kikuu nacho kina ukuta, tena mkubwa zaidi, na wanaoupita ni wengi.

Sasa leo mchana. Ulifungua kompyuta hapa mezani, ukasema, "Mama, njoo uone kijiji chako." Nikaona maduara na mistari. Kila duara ni kaya, ukanieleza, na mstari unatoka kwa mwenye ng'ombe unakwenda kwa anayewatunza. Hakuna jina hata moja, namba tu. Nilikusikiliza, lakini kabla hujamaliza sentensi nilikuwa nimekwisha kuwaona watu. Pale kwa katekista. Pale kwa Mama Zainabu. Pale kwetu. Sikutafuta. Walikuja wenyewe, kama sura zinavyokuja kwenye picha ya zamani ya darasa.

Halafu ukanionyesha duara la pembeni, lenye mistari minne inayotoka na hata mmoja unaoingia. Ukasema, "Hiyo kaya inanivutia kuliko zote. Inavunja muundo mzima."

Mtu anayewapa wenzake ng'ombe na hatunzi wa mtu yeyote, hapa kijijini yuko mmoja tu, na ni kwa sababu hana zizi. Ni mama yako mdogo Yulitha, mdogo wangu, aliyekubeba mgongoni nilipokuwa masomoni. Najua unajua kwamba ni yeye, maana ndiwe uliyemhoji. Lakini ulisema kaya. Nikashtuka kwa neno dogo kama hilo, na sijui kama nina haki.

Mistari miwili kati ya ile minne nilikuwa naifahamu. Miwili sikuwa naijua. Tumenyonya titi moja, na hajawahi kuniambia. Mmoja wa ile nisiyoijua ulikwenda moja kwa moja hadi zizi la Mzee Hamisi, rafiki mkubwa wa Mzee Ntandu, mtu anayekaa naye kibarazani kila siku ya Mungu. Nilitaka kucheka na nilitaka kufunga milango.

Unamfahamu Mzee Ntandu kama baba mkubwa mcheshi anayekuletea karanga. Mimi namfahamu pia kama kaka wa marehemu mume wa Yulitha. Msiba ulipoisha, yeye na wenzake walikuja wakaswaga kila kilichokuwa zizini, wakasema ni mali ya ukoo, wakamwachia mdogo wangu nyumba na shamba la vitunguu. Ng'ombe alionao leo amewanunua kwa vitunguu hivyo na kwa kuku, mmoja mmoja, na ndio wanaowasomesha watoto wake wawili. Ndugu wa mume wakijua wapo, watasema ni wa marehemu, aliwaficha. Sheria ipo, na ningemsindikiza mahakamani kwa miguu. Ila maneno kama hayo huanzia kwa wazee, na wazee ni wao.

Na hapo ndipo Mzee Ntandu alipopiga hodi.

Ukamwamkia vizuri, naye akakaa, akauliza safari. Kisha akaona kompyuta iko wazi. "Salome, umesoma miaka yote hii umerudi kuchora nyota? Mnatafuta mvua?"

Ukacheka. Ukamgeuzia kioo, mwanangu, kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomgeuzia mgeni sahani. Ukamweleza kwamba ni namna watu wanavyosaidiana kutunza mifugo. Akainama. Akaweka kidole juu ya duara lile la pembeni.

"Na huyu anayetoa tu bila kupokea? Tajiri huyu. Ni nani?"

"Baba mkubwa, sisi hatutaji majina."

"Hamtaji." Akakirudisha kidole. "Vizuri. Basi na mimi sitamtaja."

Ndipo niliposema ufunge mashine, mgeni ale. Ulishangaa nilivyokuwa mkali. Alikula kuku akamsifia, akakuombea safari njema, akaniambia, "Shemeji, mtoto huyu atatufikisha mbali." Alipotoka nilimfuata kwa macho kutoka uani. Hakushika njia ya kwake. Alikata kando ya shamba la alizeti kuelekea kwa Mzee Hamisi. Inawezekana alikwenda kupiga soga kama kawaida yake. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu saa ile, na bado kila simu ikilia naiwahi kabla haijalia mara ya pili.

Nilipokuambia kwamba huenda amemtambua Yulitha, ulinishika bega ukasema, "Mama, unaogopa mno. Baba mkubwa hawezi kusoma ule mchoro." Salome, mzee yule maisha yake yote ameyatumia kujua nani amempa nani nini. Leo ni mara yake ya kwanza kukiona kitu hicho kimewekwa mahali pamoja, na aliyekiweka ni mtoto wetu, kwa msaada wangu.

Nieleze hofu yangu yote, kisha niinyamazie. Umeniambia kwamba mwakani, baada ya mavuno, wenzako watakuja kutoa mrejesho kwenye mkutano wa kijiji, na mchoro utapigwa chapa kwenye karatasi kubwa ili wananchi waone matunda ya majibu yao. Umeniambia pia kwamba msimamizi wako anataka takwimu ziwekwe wazi kwenye mtandao, mtafiti yeyote azichukue. Uliyasema yote mawili kwa fahari, na ninaelewa. Zamani watafiti walichukua maneno yetu wakapotea nayo. Ninyi mmeamua kurudi, na hiyo ni adabu. Lakini adabu hiyo itabandikwa ukutani mbele ya akina baba wenye kofia mkononi. Mimi nimekwisha kuuona mkutano huo. Nawasikia wanavyosogea.

Ulipopanda bodaboda, nilijifunga khanga nikaenda kwa Yulitha. Nilimkuta anapepeta uwele. Sikuweza hata kusalimia vizuri. Nilimwambia kila kitu, mchoro, kidole, njia ya alizeti. Aliendelea kupepeta mpaka nilipofika mwisho.

"Dada, uliona mistari mingapi?"

"Minne."

"Basi mtoto alisikiliza vizuri," akasema. Akaweka ungo chini. Nilitegemea anilaumu, na nilikuwa tayari. Badala yake akaniambia, "Usimgombeze. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimeishi vipi. Wanauliza nimefiwa lini. Yeye aliuliza nimeishi vipi, nikamwambia mpaka jua likazama, na siku ile nililala kama mtu."

Nikamuuliza kwa nini mimi hakuniambia ile miwili. Akanitazama kama anavyonitazama tangu utotoni ninapouliza jambo lililo wazi.

"Wewe ni mwalimu, dada. Ukijua kitu lazima ukieleze."

Nilicheka, maana ni kweli, na sasa naandika barua kuthibitisha. Kisha akavaa kandambili, akachukua fimbo iliyokuwa imeegeshwa mlangoni, akaniambia nirudi nyumbani nikakupikie. Sikumuuliza anakwenda wapi. Swali lilikuwa mdomoni, Salome, limekwisha kujipanga kwa sarufi yake yote, nikalirudisha. Nadhani ni mara ya kwanza.

Muda mfupi uliopita, nikiwa kwenye aya ile ya Kintinku, nimesikia kengele za ng'ombe barabarani. Ni saa ambayo mifugo ya kijiji kizima iko njiani kutoka majini, vumbi limetanda, na hakuna anayejali nani yuko nyuma ya nani. Nilisimama dirishani. Nilimwona Yulitha katikati ya ng'ombe wa watu, na mbele yake majike wachache niliokuwa sijawahi kuwaona. Mama Zainabu alimtania kutoka uani kwake, "Leo umekuwa mchungaji?" Akajibu, "Jikoni nimestaafu." Wakacheka wote wawili. Akapita. Hakutazama dirisha langu. Alipofika njia panda vumbi lilinizuia, na sijui alikata kushoto au kulia.

Kwa hiyo mchoro wako sasa una kosa, na kosa hilo nimelitia mimi. Nimeharibu takwimu zako kwa makusudi, mimi niliyekufundisha kwamba jibu lisilo sahihi halipati alama. Ile mistari minne ilikuwa kweli mpaka leo mchana. Kuanzia sasa si kweli, na nakuomba usirudi kuisahihisha. Wala usilifute duara. Nilifikiria kukuomba ulifute, nikakumbuka alivyosema kuhusu kuulizwa. Anataka awemo. Hataki apatikane. Namna ya kufanya yote mawili mimi siijui. Sikusoma kufika huko, na labda hata huko uendako bado hawajaijua. Lakini wewe unakwenda kukaa na watu wenye muda wa kufikiri. Fikirini hilo kabla hamjafikiria karatasi kubwa.

Na yako maduara mengine. Hilo ndilo litakaloninyima usingizi ukishaondoka. Duara moja nimelikimbilia kwa sababu ni damu yangu na nilikuwa nalijua. Yale mengine nimeyatazama juu juu tu. Sijui ni lipi lina mtoto anayemficha baba yake mali, au mke anayejiandalia siku ya kuondoka. Nilikaa nyuma yako kwenye kigoda nikawaambia wote wakuambie. Siwezi kupita tena nyumba kwa nyumba kuwaambia wahamishe ng'ombe. Nikifanya hivyo nitakuwa nimechora mchoro ule ule kwa miguu yangu. Kwa hiyo walio wengi wamebaki mikononi mwako, ndani ya begi lako, na kesho basi litaondoka nao.

Sijawahi kukuogopa, mwanangu. Leo nimekuogopa kidogo, kama mtu anavyomwogopa mtu aliyebeba kitu cha moto asichokijua. Nimeona ni afadhali ulijue hilo kutoka kwangu kuliko ukae huko unafikiri nilikuwa mkali kwa sababu ya kuku.

Asubuhi Yulitha atakuja kukuaga, amesema atakuletea karanga. Atakuwa na vumbi, na atafanya mzaha. Atakukumbatia kama kawaida, kwa sababu hana kinyongo na wewe hata chembe. Ukimpigia simu kutoka huko, usimuulize ng'ombe walilala wapi. Muulize kama yeye alilala.

Mbwa amebweka, na pikipiki imepunguza mwendo pale kwenye mteremko. Ni wewe. Naikunja barua hii, naiweka chini ya sweta, uikute ukiwa mbali kiasi cha kutoweza kunijibu upesi.

Mama yako, bado nakuangalia kutoka dirishani.